Tembe za tezi nameza, vipimo vyasema sawa, mbona nachoka kama nimeshusha jahazi la mawe?

MamaMahamri_Langoni · Shaabani, Jumatatu saa 4:10 usiku

Assalam alaykum wana ukumbi. Leo nimeamua niandike manake nikinyamaza nitapasuka. Nina miaka 43, watoto watatu, nauza mahamri na mbaazi hapa Langoni, Lamu. Huu mwaka wa pili natumia thairoksini, dawa ya tezi ya shingo, ile waiitayo tezi dundumio, yangu imelala haifanyi kazi. Kabla haijajulikana nilikuwa nimevimba uso, sauti nene kama ya baharia, na baridi naisikia mie peke yangu, yaani kaskazi hii watu walala juu kwenye makuti wakitafuta upepo mie najifunika blanketi. TSH, kile kipimo cha damu cha tezi, ilisoma 62. Nikaanzishwa tembe, uvimbe ukashuka, sauti ikarudi, nikasema alhamdulillahi yamekwisha.

Hayajaisha. Uchovu haukuondoka. Juzi nimekanda unga saa kumi ya alfajiri, nikasukuma, nikatia mafuta karaini, nikakaa kwenye kibao cha mbuzi ningoje yapate moto, nikatia mahamri sita ya kwanza. Nilichokuja kusikia ni binti yangu akipiga kelele, moshi jiko zima, mahamri meusi kama makaa na mimi nimelala vile vile nimekaa, upawa mkononi. Na si kwamba nakesha, saa tatu usiku niko kitandani! Ngazi za nyumba yetu ni kumi na saba, nazijua moja moja sasa, maana nasimama ya saba na nasimama tena ya kumi na tatu. Mume wangu ni nahodha, akirudi anikuta nimelala, aniuliza kwa mzaha "nawe leo umevua nini?" Nacheka lakini yaniuma.

Kliniki nikienda (siitaji jina) karatasi yangaliwa, naambiwa TSH yako 3.8 iko sawa, mama punguza mawazo. Mawazo yepi? Mawazo yangu ni huo uchovu.

Kuna mwenzangu humu? Na je nikijiongezea nikameza mbili, maana niko tembe ya mikrogramu 75, itakuwaje?

Kusi_Malindi

Usithubutu kujiongezea dada. Shangazi yangu wa Ngomeni alijipa mbili mbili, wiki ya tatu moyo wamdunda kama ngoma ya harusi, mikono yatetemeka, kulala hawezi, tukamkimbiza usiku. Walimwambia dozi ikizidi kwa muda mrefu moyo hupoteza mpigo wake na mifupa huisha nguvu, hasa kwa mama mtu mzima.

DauLaShela

Mimi sina tezi, nina mke. Na yeye ni hivyo hivyo na mimi nilikuwa namwita mvivu. Nafuatilia kimya kimya.

MjaMwenyeHofu

Mahamri yako yanauzika sana hapo Langoni na watu wana macho. Soma Ayatul Kursi asubuhi na jioni.

MamaMahamri_Langoni

Nasoma ndugu yangu, na tembe nameza, vyote pamoja.

NesiMstaafu · Jumanne saa 1:25 asubuhi

Dadangu shikamoo kwanza kwa hayo mahamri ya saa kumi. Niko Malindi, nimestaafu lakini ulimi haujastaafu. Kabla watu hawajakuongezea dozi wala dua nijibu. Tembe wameza saa ngapi na wameza na nini? Waiweka wapi? Hiyo 3.8 ni ya lini? Na kuna dawa nyingine yoyote, hata za duka, hata za nywele, usinifiche.

MamaMahamri_Langoni

Nameza nikiamka, na chai ya maziwa, maana bila chai siwezi kuanza kukanda. Pamoja na hiyo nameza tembe ya kalsiamu, jirani aliniambia wanawake tukipita arobaini mifupa yataka chokaa, nilianza kama miezi sita iliyopita. Dawa naiweka kwenye rafu juu ya jiko nisiisahau. Ziko kwenye kikopo cha pilipili manga nilichokiosha, karatasi zake ziliroa mashuani tukitoka Mokowe nikazitoa zote. Hiyo 3.8 ni ya miezi tisa nyuma.

KijanaWaMatondoni

Kikopo cha pilipili manga 😂😂 hiyo ndiyo dozi yenyewe

NesiMstaafu · saa 3:00 asubuhi

Msimcheke, nusu ya wagonjwa wangu walikuwa hivyo.

Dada umejijibu mwenyewe bila kujua. Thairoksini ni dawa yenye madeko. Yataka tumbo tupu na maji matupu, halafu nusu saa, bora saa zima, ndio utie kitu kingine mdomoni. Kalsiamu huishika dawa utumboni ikaenda nayo chooni, na maziwa yana kalsiamu, sasa wewe juu ya chai ya maziwa ukatia na tembe ya kalsiamu yenyewe! Kalsiamu na tembe za chuma ziachane na thairoksini kwa muda wa saa nne kamili. Kahawa nayo hupunguza, hata ile chungu ya kikombe kidogo cha barazani. Na dawa za kiungulia aina ya omeprazoli, manake tembe hii yahitaji asidi ya tumbo ndio ivunjike sawasawa.

Halafu hiyo rafu ya juu ya jiko, subhanallah. Dawa hii haipendi joto, haipendi unyevu, haipendi mwanga, na wewe umeipa vyote vitatu, tena msimu huu wa kaskazi. Pakiti nyingi zimeandikwa zihifadhiwe chini ya nyuzi 25. Lamu kupata 25 mchana ni hadithi, lakini nyumba zenu za mawe zina kuta nene, kile chumba cha ndani kabisa chenye zidaka ukutani ndicho chenye ubaridi kuliko vyote, weka humo, ndani ya karatasi zake na boksi lake. Ukiona tembe imebadilika rangi au yajimung'unyukia mkononi itupe.

Na hiyo 3.8 ni habari ya kale. Ilipimwa kabla hujaanza kalsiamu. Ukibadilisha chochote, dozi, aina ya tembe, saa ya kumeza, wapima tena baada ya wiki 6 hadi 8, si kabla, manake dawa hii yakaa mwilini sana, siku saba zikipita ndio nusu yake imeondoka. Ndiyo maana ukisahau siku moja huoni kitu na ukirekebisha leo kesho huoni kitu.

Niwaeleze TSH ni nini maana watu waitaja kama namba ya bahati nasibu. Chukulieni chombo baharini. Tezi ya shingo ndio mabaharia, na kuna tezi ndogo chini ya ubongo, hiyo ndiyo nahodha. Mabaharia wakizembea nahodha apiga kelele, TSH ndiyo kelele zenyewe. Kelele zikiwa juu maana yake chombo hakiendi. Wakijituma yeye hunyamaza. Kwa watu wazima maabara nyingi huandika kati ya 0.4 na 4 ndio sawa. Sasa kuna siku nahodha mwenyewe ni mgonjwa, hapigi kelele na chombo kimekwama. Mwanamke aliyemwaga damu nyingi mno wakati wa kuzaa, kisha maziwa yakakosa kutoka na hedhi isirudi, huyo TSH yake yaweza kusoma vizuri tu na homoni imekwisha mwilini. Huyo lazima apimwe na T4, homoni yenyewe ya tezi. Nimewaona wawili kazini kwangu, wote waliambiwa ni uvivu.

Lakini nisikudanganye dada. Wapo wanaomeza sawasawa, TSH safi, na bado wachoka, hutajwa watu 5 hadi 10 katika kila 100 wanaotibiwa. Hilo si mawazo yao. Ila kabla hujajihesabu huko, yapo mengine ya kuangaliwa. Ukipima nitaandika.

MwaniNaAfya

Dada tatizo lako ni upungufu wa madini joto. Nina unga wa mwani safi, vijiko viwili asubuhi na jioni, mwezi mmoja tezi inaamka na tembe unatupa. Natuma hadi Lamu. Njoo inboksi.

NesiMstaafu

Bwana mwani acha hiyo. Chumvi ya Kenya yatiwa madini joto kisheria miaka mingi, hiyo hiyo inayovunwa hapa Gongoni, na mtu wa Lamu ala samaki kila siku. Watu wengi tezi yao hulala kwa sababu mwili wenyewe waishambulia, ugonjwa aliouandika daktari wa Kijapani Hakaru Hashimoto mwaka 1912, ndio ukabeba jina lake. Tezi kama hiyo ukiimwagia madini joto mengi yaweza kulala zaidi. Na kumwambia mtu wa TSH 62 atupe tembe ni kumwambia arukie maji ya mkondo.

Admini

Tangazo la biashara, mhusika amepumzishwa siku 14.

BintiWaManda

Na muhogo je? Mimi niliambiwa nisiguse muhogo wala kabeji tena maisha.

NesiMstaafu

Muhogo huleta shida ya rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, pale ambapo madini joto hayapatikani na watu waula huo tu kutwa kucha. Ukipikwa sawasawa kula na nazi yako.

TuktukMoja_Malindi · Jumatano saa 5:50 usiku

Nimesoma uzi wote nimeona nisipite bila kusema. Mimi ni mwanamume, tuwepo na sisi, sio ugonjwa wa kina mama peke yao. Nilikuwa na rovu kubwa nikatolewa tezi yote, sina hata chembe, naishi kwa tembe tu. Naendesha tuktuk. TSH yangu miaka miwili safi, nameza alfajiri na maji, kila kitu kama alivyosema nesi, na bado nachoka hadi siku moja niko stendi nangoja abiria, mama akaingia na kikapu cha samaki akaniambia twende Maweni, mimi nikalala hapo hapo nimeshika usukani, alishuka akapanda ya mwenzangu. Nikaogopa. Ingekuwa ni barabarani?

Kumbe shida ilikuwa pua na koo. Nakoroma mpaka mke wangu alihamia chumba cha watoto, tena yeye ndiye aliyeona kuwa katikati ya kukoroma nanyamaza kabisa, kama nimekata roho, halafu nastuka navuta pumzi kama mtu aliyetolewa majini. Daktari mwingine, sio yule wa tezi, alinifunga mashine usiku mmoja ikaonekana pumzi inakatika mara nyingi sana kwa saa. Sasa nimepunguza kilo, nalalia ubavu, na nina kile kifaa cha kupuliza hewa puani, sura kama rubani, lakini saa sita mchana niko macho. Miaka miwili nilikuwa naisingizia tezi ambayo haipo hata.

DauLaShela

Mke wangu hakoromi. Mimi ndiye nakoroma. Yawezekana yeye achoka kwa sababu yangu?

TuktukMoja_Malindi

😂😂 pimeni wote wawili

KaziYaFamasi_Tanga · Alhamisi saa 2:15 usiku

Salamu kutoka Tanga. Watu huuliza sana kuhusu T3. Tembe mnazomeza ni T4, mwili wenyewe unaigeuza kuwa T3 ambayo ndiyo inafanya kazi. Kuna nadharia kwamba kwa baadhi ya watu ule ugeuzaji hautoshi ndio maana wanabaki wamechoka. Mwaka 1999 ulitoka utafiti mdogo ukasema ukichanganya T4 na T3 watu wanajisikia vizuri zaidi, dunia nzima ikashangilia, halafu tafiti nyingi zilizofuata hazikuona tofauti. Kwa hiyo mabingwa wengine wanajaribu kwa mgonjwa mmoja mmoja, kwa uangalizi, baada ya mengine yote kushindikana. T3 inapanda haraka na kushuka haraka, moyo unaipata fresh. Sio ya kuagiza mtandaoni.

Kisa kidogo tu. Mwaka 1891 daktari George Murray wa Newcastle, Uingereza, alimdunga mama mmoja maji ya tezi za kondoo, baadaye akawa anampa kwa mdomo. Yule mama aliishi miaka 28 mingine. Kwa hiyo mkiona tembe inawachosha kumbukeni kuna mtu alikunywa kondoo.

NyweleZangu

Nesi ulisema hata dawa za nywele. Nywele zangu zilikuwa zinakatika nikanunua biotini, nimezitumia mwaka.

NesiMstaafu

Hizo ndizo. Biotini ya dozi kubwa huzidanganya baadhi ya mashine za maabara, TSH yasoma chini na T4 yasoma juu, waonekana dozi imezidi na wapunguziwa bure. Iache angalau siku mbili kabla ya kutoa damu na umwambie wa maabara.

BintiWaManda

Mimi nimeolewa mfungo saba iliyopita, inshallah nikipata mimba niendelee na tembe?

NesiMstaafu

Tena kwa nguvu zote. Siku ukijua tu una mimba mwone daktari, usingoje kliniki ya miezi mitatu, kwa kawaida dozi hupandishwa robo hadi theluthi mapema kabisa maana mtoto mwanzo ategemea homoni yako.

MamaMahamri_Langoni · Jumapili saa 3:30 usiku

Nimepima. TSH 14. Yaani miezi yote hiyo naambiwa niko sawa kwa karatasi ya mwaka jana! Nililia pale kwenye benchi, si kwa uchungu, kwa kuona kumbe sina wazimu. Daktari wa safari hii alikuwa kijana mpole, alisikiliza habari ya chai na kikopo, akasema tusipandishe dozi kwanza, nimeze vizuri wiki nane turudi kupima. Nesi Ramadhani iko mlangoni, nimeze lini?

NesiMstaafu

Kijana huyo Mungu amweke. Kuna njia mbili. Waweza kuamka daku mapema, umeze na maji, usubiri nusu saa ndio ule. Au umeze ukienda kulala, tumbo likiwa limepumzika saa tatu au zaidi toka ulipokula. Uholanzi walilinganisha mwaka 2010, waliomeza usiku homoni zao zilikaa vizuri kuliko wa asubuhi, ingawa kujisikia kwao hakukutofautiana sana. Lakini mwezi wa Ramadhani kwetu twala mpaka saa ngapi? Ukifuturu, ukaswali tarawehe, ukarudi kwenye viazi vya karai na tambi, hiyo saa tatu ya tumbo tupu haipo. Jiangalie wewe mwenyewe wala nini usiku.

MamaMahamri_Langoni

Daku basi. Usiku simwamini mtu mbele ya tambi.

MamaMahamri_Langoni · Mfungo mosi, Jumamosi saa 11:20 jioni

Nimerudi, wengi mmeuliza inboksi. Ramadhani yote nilimeza daku na maji, dawa imehamia zidaka za ndani, kalsiamu nimeiacha (daktari alisema hakuna aliyeniandikia). TSH sasa 2.1 kwa tembe ile ile ya 75, hatujapandisha chochote.

Na uchovu? Nusu umeondoka. Uzito ule wa kichwa asubuhi haupo, mahamri sijaunguza hata moja. Lakini ngazi bado zanishinda, moyo wapiga mbio nikifika ya kumi na tatu. Nikarudi nikasema waziwazi, daktari mimi bado. Hakunambia mawazo. Akaniuliza habari za hedhi, nikamwambia ni nyingi, siku saba nane, tangu tezi ilipoanza kulala, sikudhani lahusiana. Kumbe tezi ikilala huzidisha hedhi. Damu yangu ikasoma 9.8, akiba ya chuma wao waiita feritini ikasoma 6. Yaani nilikuwa naendesha chombo bila mafuta. Vitamini B12 na sukari ziko sawa.

Sasa ratiba yangu: thairoksini saa kumi alfajiri na maji, kisha nakanda, chai yangu saa kumi na moja, chuma saa sita mchana na maji ya ndimu, chai nisiiguse karibu na hapo. Tumbo lachafuka kidogo, choo cheusi, nimeambiwa ni kawaida. Wiki ya tatu hii. Alasiri uchovu bado waja, si uongo, waja na kukaa saa moja hivi, ila sasa najua jina lake.

NesiMstaafu

Mashallah. Chuma endelea nayo hata damu ikipanda, miezi mitatu mingine ndio akiba yajaa. Na hedhi yenyewe waiangalie, usiijaze tu huku yamwagika. Mengine niliyosema nitaandika ni haya: mtu wa Hashimoto ambaye bado achoka aangaliwe B12, sukari, na utumbo unaokataa ngano (usianze kuyaogopa mahamri yako kabla ya kupimwa). Na yule anayekonda, ngozi yawa nyeusi, kizunguzungu akisimama, atamani chumvi, huyo amwambie daktari KABLA hajaongezewa thairoksini, huenda tezi za juu ya figo nazo zimechoka na hapo kuongeza ni hatari.

KijanaWaMatondoni

Kikopo cha pilipili manga kimeenda wapi?

MamaMahamri_Langoni

Kina pilipili manga.

DauLaShela · saa 4:05 usiku

Nami nina habari. Nilimpeleka mke wangu Jumatatu. TSH 31. Nimeomba radhi, nimekubaliwa kwa masharti, sitayaandika hapa. Ameanzishwa 50. Nesi swali moja, sisi nyumba yetu ni ya bati, hatuna zidaka wala chumba cha ndani, mchana ndani kama tanuri. Niweke wapi?

NesiMstaafu

Chini, sio juu karibu na bati. Karatasi zake na boksi lake, ndani ya kopo kavu lililofungwa, chini ya kitanda upande wa kivuli, mbali na watoto.

DauLaShela

Chini ya kitanda pana paka wanne.

NesiMstaafu

Basi sandukuni.